Miti ya Bahati Uani kwa Shangazi

Watu wa rika langu tuliosoma shule za msingi Shinyanga tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kuona udongo mtupu tukauacha. Tulifundishwa hivyo. Kila mwanafunzi alikabidhiwa mche wake ndani ya kiriba cheusi, akaambiwa mkoa wetu unageuka jangwa na kwamba mche ukifa atachapwa yeye. Tulibeba maji kwa madumu, tukamwagilia, tukaimba nyimbo za kuusifu mti. Mbuzi walikula sehemu yao, jua likala sehemu yake, na sisi tukachapwa kwa niaba ya wote wawili. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyetufundisha kukata. Hakuna aliyetuambia kwamba mche ukipona utakuwa mti, na kwamba mti hauombi ruhusa. Tukakua tukiwa tunajua nusu ya kwanza ya kazi, na kwa nusu hiyo tunajisifu mpaka leo.

Pita Ngokolo, hapo Shinyanga mjini, uone matokeo. Viwanja ni vidogo, nyumba zimebanana, lakini kila mwenye nyumba ameona lazima awe na msitu wake. Mjohoro umeinua bati. Mwarobaini umepasua shimo la choo. Ile miti mirefu myembamba ya mapambo, ambayo wauza miche huiita ashoki, imesimama kati ya ukuta na dirisha kama watu waliokosa viti msibani. Mwenyewe amekaa chini yake kwenye kiti cha plastiki, anafukuza mbu kwa kanga ya mkewe, anakwambia, "Hapa kwangu kuna hewa." Ndani ya nyumba hiyo hiyo taa inawaka saa sita mchana. Ukimshauri apunguze matawi anakutazama kama umemwambia apunguze watoto.

Nayasema haya bila huruma kwa sababu mimi sina mti wala kiwanja. Nilimaliza kidato cha nne, nikajaribu kutulia, nikashindwa. Nimeuza mitumba Kalangalala, nimekoroga zege Kahama, nimekaa Nyarugusu machimboni mpaka vumbi la mawe likanifundisha kukohoa kizee. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kupakumbuka pengine, kisha nikafunga begi. Na mahali nilipopakumbuka kuliko pote ni uani kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea hapo Ngokolo tangu nikiwa sijui kuvaa viatu.

Uani pale hapakuwa na kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Palikuwa na uwanja wa udongo mgumu, mweupe, uliofagiliwa asubuhi na jioni. Upande mmoja jiko la nje, upande wa pili choo, na nyuma uzio wa minyaa uliopunguzwa kila mwaka usipite kifua cha mtu. Msukuma wa zamani hakuuonea haya uwanja mtupu. Aliuonea haya uwanja mchafu. Nyoka akiingia alionekana. Sindano ikianguka ilionekana. Na jua likishaingia lilikaa, kuanzia chai ya asubuhi mpaka kuku wanapoanza kutafuta pa kulala.

Jua hilo shangazi alilitumia kama wengine wanavyotumia friji. Mvua zikikatika na viazi vitamu vikivunwa, alivichemsha kwenye sufuria kubwa, akavimenya, akavikata vipande, akavianika mpaka vikawa vigumu kama soli. Hayo ndiyo matobolwa. Wapo wanaokata viazi vibichi na kuvianika bila kuvichemsha, wanapata michembe, lakini shangazi aliiona michembe ni chakula cha mtu mwenye haraka. Matobolwa yake yalitafunwa na chai, yalipikwa kwa karanga, yalifungwa kwenye mifuko na kupelekwa kwa kila mtoto wa ukoo aliyekuwa mbali. Nimeyatafuna chini ya turubai Nyarugusu, mvua ikipiga, na kila nilipoyatafuna nilijua kwamba kuna mtu nyumbani ameniweka kwenye hesabu yake. Binti wa ukoo akiolewa, matobolwa yalikwenda naye. Mtu akifiwa, yalifika kabla ya salamu za pole. Shangazi hakuwa na cheo kanisani wala mtaani, alikuwa na matobolwa.

Sasa nije kwa binamu yangu, mtoto wake wa pekee.

Naye alikwenda machimboni, tena kabla yangu, na tofauti yetu ni kwamba yeye alipata. Siku chache kabla ya kupata dhahabu yake ya kwanza ya maana alikuwa amekuja kumsalimia mama yake, na kwa mazoea yale ya shule akachomeka mche wa mjohoro katikati ya uwanja. Akarudi Geita, duara lao, yaani shimo la dhahabu walilokuwa wakichimba, likatema mawe mazuri, na yeye akaunganisha mambo mawili yasiyojuana. Watu wa machimboni wako hivyo. Ukimwambia mchimbaji kwamba amepata kwa sababu alichimba, anakuona umemdharau. Yupo anayevaa shati lile lile mpaka linasimama lenyewe, yupo asiyeshuka shimoni akikutana na mtu fulani asubuhi. Binamu yangu alikuwa na mjohoro. Mganga mmoja wa huko, ambaye yeye humwita mtaalamu, akalipigia jambo hilo mhuri: bahati yako imeota mizizi kwa mama yako, usiikate, uiongeze.

Akaiongeza. Kila alipopata, alikuja Ngokolo na kiriba. Ukaja mwarobaini. Ukaja mparachichi, ambao kwa ardhi ya Shinyanga ni sawa na kumleta samaki aje kukaa jikoni, lakini kwa ukaidi ukashika. Zikaja ashoki mbili, za kulia na kushoto kwa mlango wa nyuma, kama askari. Ukaja mlusina, na mlusina hauji peke yake. Ukipanda mmoja unapata kijiji. Kila mti ulichimbiwa shimo na vijana wa kukodi huku binamu amesimama pembeni mikono nyuma, kama mgeni rasmi. Uwanja wenyewe ungetoshwa na mikeka michache ya kulalia. Hakuna aliyemwuliza shangazi, na shangazi, kwa kuwa alikuwa mama na mtoto alikuwa amefanikiwa, alimwagilia.

Mwaka huu nilirudi mvua zikiwa zimekatika. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikamwamkia shangazi, nikaitikiwa kutoka uani, nikapita mpaka nyuma kunawa mikono, nikadhani nimekosea nyumba. Palikuwa giza. Mjohoro ulikuwa umetandaza kichwa juu ya jiko na choo kwa pamoja. Mlusina ulikuwa umejaza kila ufa. Minyaa, kwa kuwa sasa hakuna aliyeifikia, ilikuwa imepanda ikapita paa, inadondosha utomvu wake mweupe. Ardhi ile niliyokuwa nikiiota, ngumu na nyeupe, ilikuwa nyeusi na laini, ina ukijani wa ukungu, na ilinuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo.

Na katikati ya giza hilo shangazi alikuwa anahamisha mkeka.

Nilisimama nikamtazama. Kati ya mjohoro na mwarobaini palikuwa na pengo, na katika pengo hilo jua lilipita likaangusha kipande chenye ukubwa wa ungo. Shangazi alikuwa ameanika matobolwa kwenye kimkeka, na kila kile kipande cha jua kiliposogea, naye aliinama, akashika ncha za mkeka, akausogeza. Mwanamke aliyepita miaka sabini, anafukuzana na doa. Alipofika ukutani doa likapanda ukuta likamwacha. Akanyoosha mgongo, akaniambia jua la leo limeisha. Ilikuwa bado alasiri.

Matobolwa hayo hayakukauka. Yalitoa utando, kisha ukungu, kisha harufu, na kuku wenyewe waliyachagua. Nilimwuliza kwa nini asianike barabarani. Akaniuliza kama nimesahau mbuzi wa Ngokolo na vumbi la bodaboda. Juu ya bati kulijaa majani ya mjohoro, na hata pasingekuwa na majani asingeweza kupanda. Kwa jirani, mama mmoja muuza maandazi mwenye uwanja wazi na mdomo wazi zaidi, shangazi alikuwa amejaribu mwaka uliopita. Jirani hakukataa. Ila kila mgeni alipopita aliambiwa haya ni matobolwa ya mama mwenye mtoto tajiri, hana pa kuanika. Shangazi aliyachukua yakiwa nusu mabichi akarudi nayo nyumbani.

"Nikianika kwa mtu, nitakuwa ninakula kwa mtu," aliniambia.

Jikoni kulikuwa na magunia ya viazi vya mwisho vya shamba lake, na viazi vitamu vilivyokwisha kuvunwa havimsubiri mtu. Fukusi walikuwa wameanza. Ama vingekauka kiangazi hicho, au ukoo mzima ungekaa mwaka bila mfuko wake, na shangazi angekaa mwaka bila kazi ambayo kwayo watu walimjua.

Nikashika panga. Mimi si mtu wa bustani, ila dharau ni nguvu, na nilikuwa nayo ya kutosha. Nilifunga kitambaa machoni nikiacha upenyo kidogo, maana utomvu wa minyaa ukikuingia jichoni utajuta kuzaliwa, nikaishusha minyaa mpaka kifuani kama zamani. Vipande nikavirundika pembeni mwa choo, nikiwa nimesahau kwamba minyaa ikirundikwa penye unyevu haifi. Wiki iliyofuata lundo lilikuwa linachipua kwa furaha. Mlusina niliukata mpaka chini. Ukacheka. Kila kisiki kikatoa fimbo nyembamba nyingi kuliko nilizokata. Ashoki sikuzigusa, zilikuwa nyembamba na za kipuuzi na hazikuziba chochote zaidi ya mlango. Nikaondoa matawi ya chini ya mwarobaini, na wanawake wa mtaa wakaja kuchukua majani ya dawa na kunisifu. Jua halikuongezeka. Aliyelishika jua ni mjohoro, na nilipoukwea na kukata tawi moja kubwa, shangazi akaniomba nishuke kwanza ampigie mwanawe.

Hakutaka kumficha. Alimweleza kwa simu kwamba nimeanza kukata na kwamba yeye ndiye aliyetaka. Binamu aliomba azungumze na mimi. Hakunisalimia.

"Wewe bahati yako umeitembeza mpaka imechoka," alisema. "Yangu iache imesimama."

Nilikuwa na jibu, lakini simu ilikuwa ya shangazi na alikuwa ananitazama. Nikamrudishia simu, mti nikauacha.

Jioni hiyo nilimpa shangazi ushauri ambao niliuona wa akili. Nilimwambia tumpigie binamu, tumweleze kwamba mjohoro umeanza kukauka kileleni, au kwamba ameonekana bundi. Mtu anayeamini upuuzi huongozwa kwa upuuzi. Angekuja mbio na msumeno mkononi. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Sitaki aukate kwa kuogopa bundi," alisema. "Aukate kwa kuwa mimi nimesema. Nilimzaa mimi, si mjohoro."

 Nilidhani ilikuwa habari ya viazi tu.

Binamu alikuja mwisho wa wiki. Alikuja na gari jeupe, la juu, jipya kwake, ambalo alilitaja kama shangingi ingawa shangingi lenyewe lingelibeba kwenye buti. Hakuliingiza ndani ya geti. Alilivusha barabara akaliegesha upande wa pili, kwenye uwazi mbele ya ukuta wa jirani, penye jua kali. Nilimwuliza kwa nini asiliweke kivulini, kivuli kikiwa ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho tele. Akasema chini ya miti ndege watalinyea. Alisema hivyo bila kucheka. Nilikumbuka kwamba mama yake anapikia chini ya ndege hao hao.

Alipokwisha kula, shangazi alimwomba. Hakuzunguka. Alimwambia mjohoro umemnyima jua, matobolwa yameoza, viazi vya mwisho viko jikoni, na anataka mti ule mmoja utoke. Mingine angevumilia. Binamu alimsikiliza kwa adabu zote, kichwa chini, kisha, akimwita mama kwa Kisukuma, akatoa suluhisho la mtu aliyezoea kununua.

"Mayu, mbona hilo dogo? Nitakuletea gunia zima la matobolwa kutoka sokoni."

Nilitazama sahani yangu. Kumnunulia mama yule matobolwa ya sokoni ilikuwa kama kumnunulia padri misa. Shangazi alinawa mikono polepole, akajifuta kwa kanga.

"Nipe jua," alisema. "Hayo mengine weka."

"Mayu, ule mjohoro ni mimi. Nikiukata nimejikata."

"Basi ni wewe unayenizibia."

Binamu aliona huo ni utani, au aliamua kuuona hivyo. Akacheka, akaeleza kwamba kesho mapema lazima arudi Geita, kuna mawe yake yanaingia kwenye mashine ya karasha na asipokuwepo watu watayasaga kwa niaba yao. Akalala chumba cha mbele. Shangazi hakulala mapema. Alikuwa jikoni na sufuria kubwa, na alfajiri nilipotoka nilikuta viazi vimeshachemshwa, vimemenywa, vimekatwa, vimejaa nyungo zote za nyumba na mbili za kuazima.

Jua lilipochomoza alichukua ndoo, sabuni na kitambaa, akavuka barabara, akaliosha lile gari. Aliliosha kwa makini, boneti, paa, vioo, akasuuza mara mbili. Binamu alichungulia dirishani na mswaki mdomoni, akatabasamu, akaniambia mama ni mama, umri wote ule bado anamwoshea mtoto. Akarudi ndani kuoga.

Shangazi akalikausha gari kwa kanga safi. Kisha akaniita nishike ungo.

Tulianza na boneti. Alipanga vipande kimoja kimoja, karibu karibu, kwa mistari, kama alivyopanga enzi zile kwenye uwanja wake. Boneti ilipojaa aliagiza stuli, akapanda, nikamshika kiuno, akaanza paa. Bati la gari lilikuwa limeanza kupata moto na kiazi cha kuchemsha kikigusa bati la moto kinashika. Alipomaliza alifunika kote kwa chandarua cha zamani kuzuia nzi, akaweka mawe madogo kwenye pembe, akatafuta kijiti cha kufukuzia mbuzi, akakalia stuli yake kando ya gurudumu la mbele.

Jirani muuza maandazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Alizunguka gari lote.

"Kumbe magari ya Geita yanaota viazi," alisema. "Mama, na mimi nina kunde zangu, kuna nafasi kwenye buti?"

Shangazi alimjibu kwamba buti ni la mwakani. Wakacheka wote wawili, na sijui kama walikuwa wamecheka pamoja tangu yale ya mwaka uliopita.

Binamu alitoka na begi begani, funguo mkononi, miwani usoni. Alifika katikati ya barabara akasimama. Akavua miwani. Bodaboda ilimpigia honi akaipisha bila kuitazama.

"Mayu. Gari hili."

"Nimeliosha," alisema shangazi.

"Mayu, naondoka sasa hivi."

"Hayajakauka."

Akauliza yatakauka lini. Shangazi akainua uso akalitazama jua kama fundi anayetazama kazi yake, akasema likiendelea hivi, kesho kutwa, ila yakipata umande yanaweza kuchelewa. Akasema hakuona mahali pengine penye jua, na hili gari linajulikana ni la mwanawe, si la mtu, kwa hiyo hakuona haja ya kuomba.

Wewe usiyetoka kwetu utauliza kwa nini asiyakusanye tu akaondoka. Kuyakusanya hakuwezekani, yalikuwa yameshika, ungeyabandua kwa kisu yakavunjika ukabaki na uji. Kuyapangusa ndiyo njia pekee, na hapo ndipo alipokwama. Kwetu mtoto hamwagi chakula kilichoanikwa na mkono wa mama yake. Mlevi wa kutupwa hafanyi hivyo. Na huyu alikuwa mtu anayeamini kwamba mti unamlisha, hivyo angewezaje kuamini kwamba chakula cha mama kilichotupwa vumbini mbele ya watu hakitamfuata mpaka shimoni? Nilimwona amesimama pale anapima mikosi miwili, upi mwepesi. Nimeona watu wakipima dhahabu kwa wasiwasi mdogo kuliko ule.

Alijaribu simu. Alijitenga kidogo, akampigia mtaalamu wake. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Mtaalamu wa kuona yaliyofichika hakuona kwamba betri yake imeisha. Kisha ikaingia simu kutoka Geita, na hata mimi nilisikia sauti ya mtu wa karasha akiuliza yuko wapi, watu wako kwenye foleni. Watu walikuwa wameongezeka. Wengine walileta ushauri, mmoja alileta karanga. Mbuzi wa mtaa walisimama kwa mbali wakifikiria. Binamu akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyemfundisha haya."

Nilimwambia ningekuwa na akili hizo ningekuwa na gari.

Alikaa kwenye kizingiti cha mama yake muda mrefu, begi miguuni. Nilimdharau kwa miti yake na kwa mtaalamu wake na kwa kuegesha gari mbali na ndege, na sikuona sababu ya kuacha. Lakini alipoinuka hakusema neno juu ya mkosi wala bahati. Alikwenda mpaka kwenye stuli, akachuchumaa mbele ya mama yake mtu mzima yule, suruali ya pasi ikiburuzika vumbini.

"Unataka nitoe upi?"

"Nilikwambia jana."

"Niambie tena."

"Mjohoro."

Akavua shati. Aliazima msumeno kwa seremala wa mtaa wa pili, nikamtafutia kamba, na kwa mara ya kwanza tangu tukiwa wadogo tulifanya kazi pamoja. Hakuwa mkata miti hodari. Mjohoro mkubwa unakatwa kutoka juu, tawi kwa tawi. Yeye alitaka kuanza chini kama anayeangusha muhogo, na nisingemzuia tungelala bila choo. Alipanda mwenyewe. Vijana wa kukodi walijitokeza kwenye geti kuuliza kama kuna kazi, akawaambia hakuna. Alikata akihema, mikono ikatoka malengelenge, majani yakamwingia shingoni, siafu wakamwingia kwingine. Tawi moja liliangukia ashoki ya kushoto likaikata katikati, na hakuna aliyeomboleza. Kila tawi lilipoanguka, kipande kingine cha anga kilifunguka, na ile ardhi nyeusi ilianza kuonekana ilivyokuwa mbaya: kamasi, minyoo, vizibo vya chupa, sandali ya mtoto ambaye sasa ana watoto.

Shina lilipolala, jua liliingia uani kama maji. Sina namna nyingine ya kusema. Kuku walikimbia.

Shangazi hakuja kutazama mpaka aliposikia kishindo cha mwisho, na hata hapo alimkabidhi jirani kile kijiti cha mbuzi kwanza. Aliingia, akasimama penye mwanga, akafinya macho. Hakumshukuru mwanawe. Alimwambia kisiki akimwagie majivu ya moto na chumvi, la sivyo kitachipua kabla hajafika Geita. Kisha akachukua ufagio.

Ardhi ilihitaji jua lake yenyewe kabla ya kubeba chakula, kwa hiyo alitandika turubai. Mchana ulipokuwa unakwisha, vipande vya juu ya gari vilikuwa vimekaza kiasi cha kubanduka vizima. Alivibandua kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja, bila haraka, huku binamu ameshika ungo na karasha likimsubiri. Baadhi ya watu walibaki mpaka mwisho kama wanaotazama mpira. Boneti ilipokuwa wazi tuliona kilichobaki: vidoa vya mviringo, mistari kwa mistari, utamu wa kiazi uliogandia kwenye rangi nyeupe. Binamu alitia mate kwenye kidole akasugua kimoja. Kilibaki. Akasugua kingine, akaacha.

Aliingia ndani ya gari akiwa na malengelenge yake na majani nyweleni, akawasha, akashusha kioo kumuaga mama yake. Shangazi aliinama dirishani, akampa mfuko wa matobolwa machache ya mwaka juzi aliyokuwa ameyaficha.

"Mwakani uje na gari hili hili," alimwambia. "Lina joto zuri."

Binamu akapandisha kioo, akaondoa gari. Shangazi hakusubiri lifike kona. Jua lilikuwa bado lipo uani kidogo, na matobolwa yalikuwa hayajageuzwa.